Upande wa Kulia, Nje Kidogo

Mkurugenzi alikuwa amening'inia kichwa chini, viatu vyake vinavyong'aa viko juu, na tai inampanda badala ya kumshuka. Nilimtazama kwa raha zangu. Ukiwa chini ya kitambaa cheusi hakuna anayekuona ukicheka.

Kamera ya kukunja haina upendeleo. Mkubwa na mdogo, wote huwapindua miguu juu kwenye kile kioo chenye ukungu cha nyuma, na wa kushoto huhamia kulia. Wengine husema ndio utamu wake. Mimi siku ile sikuwa na habari ya utamu. Nilikuwa na jambo moja tu: kumwingiza mama yangu kwenye picha ile, mkurugenzi atake asitake, na mama mwenyewe atake asitake.

Mama alipaka gundi soli za viatu kwenye kiwanda cha mkurugenzi huyo tangu mimi sijazaliwa. Kila mwaka kiwanda kilipiga picha ya wafanyakazi wote, ikawekwa kwenye fremu na kutundikwa ukumbini, pale mgeni anapoingia. Wote, maana yake ofisi, mafundi wa mashine, madereva na walinzi. Wanawake wa chumba cha gundi hawakuwa wote. Aproni zao zilikuwa na madoa, eti zinachafua picha. Waliambiwa wasimame pembeni, ukutani, na wenzao wakishapigwa, wao wapige makofi. Na mpiga picha wa miaka yote hiyo alikuwa nani? Kaka yake mama, tumbo moja.

Nilimuuliza mjomba waziwazi, siku ya kwanza aliponiita studio kunifundisha. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, hakuweza tena kulenga, na binamu zangu walishamwambia kamera ile aipeleke makumbusho. Nikabaki mimi, fundi cherehani, niliyekuwa nafunga kibanda changu mchana ili nije kujifunza. Nikamuuliza, miaka yote hiyo dada yako alikuwa wapi kwenye picha zako?

"Alikuwepo," akasema. "Upande wa kulia, nje kidogo."

Jibu lile lilinichoma. Lilinichoma zaidi kwa sababu alilitoa taratibu, kama mtu aliyelikariri. Nilitaka kuondoka nimwachie dude lake. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka huu ndio wa mwisho wa mama kazini, na kwamba mkurugenzi hataki picha ya simu, anataka kubwa, nzito, ifanane na zile za ukumbini. Kwa hiyo atakayeijua kamera ndiye atakayesimama mbele yao. Nikavua viatu nikaketi.

Kamera yenyewe ikifungwa ni sanduku la mbao, ungedhani la kuwekea cherehani ya mkono. Unafungua kitasa, unashusha ubao wa mbele mpaka ujifunge vizuri, kisha unavuta fremu ya lenzi kwenye reli zake, na mvukuto wa ngozi unakunjuka nyuma yake. Kabla ya hapo, miguu mitatu. Mguu mmoja uelekee mbele, mjomba alisema, usije ukaupiga teke unapozunguka. Niliupiga teke. Akanicheka mpaka akakohoa, akanipa jina: Kiherehere. Tangu siku hiyo hakuniita jingine.

Filamu iko kwenye kaseti, mbili mgongo kwa mgongo, kila moja ina bati jembamba la kuifunika. Hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni. Mara ya kwanza nilichomeka kaseti, nikavuta bati, lenzi bado nimeiacha wazi tangu nilipokuwa nalenga. Filamu ikaungua yote kwa mwanga. Mara ya pili nikafunga lenzi kwa adabu, nikafyatua kwa madaha, na bati sijalivuta. Mjomba akaisafisha ile filamu gizani, akaipapasa, akaniuliza matokeo. Nikamwambia hakuna kitu. Akasema nimelipiga picha bati, na bati limetoka vizuri sana.

Nilijifunza nikitembea nikiimba: funga lenzi, ingiza kaseti, vuta bati, fyatua, rudisha bati. Wateja wangu wa nguo walidhani nimeokoka.

Tulifanyia mazoezi jengo la ghorofa la ng'ambo ya barabara. Ukiinua pua ya kamera upate paa, kuta zinaegemeana kama walevi. Mjomba akanizuia mkono. Kamera isimame wima, akasema, kama mtu mwenye heshima zake. Anayepanda ni lenzi peke yake. Nikalegeza skrubu, nikaipandisha lenzi kwenye fremu yake, na paa likaingia kwenye kioo, kuta zimenyooka, kamera haijatikisika hata kidogo. Nilitoka chini ya kitambaa nikamuuliza kama lenzi inaweza kwenda na pembeni.

Akaipapasa fremu ya lenzi mpaka ubavuni. Kisha akasema skrubu ya pembeni imeshika kutu, yeye hakuwahi kuitumia, haina kazi.

Haina kazi! Mtu wa picha za watu wengi, maisha yake yote, na skrubu ile haina kazi. Nilikuja kesho yake na mafuta ya cherehani. Niliitia tone, nikaiacha, nikaitia tena, mpaka ikazunguka. Mjomba alinusa yale mafuta, nina hakika, maana pua yake ilikuwa nzima. Hakunikataza.

Mama ndiye aliyenikataza. Nilimdokeza nikiwa namkanda vidole, vile vidole vilivyogandamana ngozi kwa gundi hata sabuni haivipati. Akavivuta. Akaniambia nisimharibie mwisho wake, ameingia kazini kwa amani na atatoka kwa amani, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu guu ni langu. Alikwenda kulala bila kuniaga.

Basi nikawa pale uani pa kiwanda, na mkurugenzi kichwa chini. Nyuma yake mabenchi matatu ya watu. Upande wa kushoto aliegesha gari lake jipya, jeusi, limeoshwa mpaka unaweza kujitengenezea nywele kwenye mlango wake. Alilitaka liwemo, lionyeshe maendeleo. Upande wa kulia, ukutani, mstari mmoja na mabenchi, walisimama wanawake wa chumba cha gundi na aproni zao. Mama alikuwa katikati yao, mikono ameificha chini ya aproni.

Mkurugenzi akasema anataka kuona kwanza. Nikamkaribisha chini ya kitambaa. Akatoka na nywele zimetimka, analalamika kwamba nimempindua. Nikamwambia asiwe na hofu, kwenye karatasi atasimama. Gari ameliona? Ameliona. Ukuta hakuuona? Hakuuona. Akarudi kitini kwake ameridhika, akakunja nne.

Nikarudi gizani. Nikalegeza ile skrubu, nikaisukuma lenzi kwenda kulia taratibu. Kamera iliendelea kumtazama mkurugenzi usoni, kwa heshima zote. Lakini kwenye kioo ulimwengu ulianza kuhama. Gari likateleza, taa, boneti, mlango, likatokomea ukingoni. Upande wa pili wakaanza kuingia: aproni ya kwanza, ya pili, bibi mmoja mwembamba aliyefunga kilemba cha bluu, kisha mama. Wakaingia wote. Nikakishika kitambaa kisije kikaonekana kikicheza.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya sanduku la vifaa, karibu na mguu wangu. Macho hayakuona, lakini masikio yale yalikuwa yameishi na kamera ile zaidi kuliko yalivyoishi na mkewe. Nilijua amesikia chuma kikisugua chuma. Nikangoja aniite, anizuie. Niliapa moyoni kwamba hata akinivuta sketi sirudishi kitu.

"Kaza skrubu kwanza," akasema chini chini. "Isije ikateleza."

Nikaikaza. Nikafunga lenzi, nikaingiza kaseti, nikavuta bati. Nikatoka nje kwenye mwanga, waya wa kufyatulia mkononi, nikawatangazia watu wote kwamba filamu hii haitaki vumbi, kwa hiyo asitikisike yeyote uani, na nyie wa ukutani pia, simameni wima, nitazameni mimi. Msimamizi wao akaona ni sawa. Wakajinyoosha. Mama aliinua uso, akanikata jicho. Alikuwa dada wa mpiga picha, hakuhitaji kuelezwa lenzi iliyoegemea upande mmoja ina maana gani. Macho yake yaliniambia hapana. Nilimtazama hayo hayo macho, nikafyatua.

Nikarudisha bati, nikageuza kaseti, nikavuta bati la pili, nikafyatua tena. Liwalo na liwe, lakini liwe mara mbili.

Mkurugenzi alikuja studio mwenyewe, picha mkononi, na swali lake la kwanza lilikuwa gari lake liko wapi. La pili, wale wamefikaje. Akataka ikatwe, au tukapige nyingine, au nimpe negativu akaishughulikie kwingine. Nilimwambia hapana mara tatu, kwa kila ombi hapana yake. Akamgeukia mjomba, kama watu wazima wamalizane. Mjomba alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa laini, anaizungusha, anaifuta tena.

"Ulitaka picha ya wafanyakazi," mjomba akasema. "Hiyo ndiyo ya kwanza kukupigia. Nyingine hatuna."

Mkurugenzi akatuambia kazi yake hatutaiona tena, na kweli hatukuiona. Na mama alilipa. Siku yake ya mwisho hakuitwa ukumbini pamoja na wenzake wanaostaafu, hakusemewa neno, alitoka mlango wa nyuma na aproni yake kwenye mfuko wa plastiki. Alikaa nyumbani akinisemesha kwa mkato: kula, funga mlango, zima taa. Nilijikaza. Sikumwomba radhi, maana ingekuwa kumwomba radhi kwa kumwona.

Ukumbini mwaka ule hakukutundikwa kitu. Picha niliiweka dirishani pa studio, upana wa dirisha zima, na barabara ile hupitwa na kila mtu. Wanawake wa gundi walikuja mmoja mmoja wakitoka kazini. Yule wa kilemba cha bluu alikuja na wajukuu. Mama hakuja.

Alikuja siku ya soko, na sidhani alijua kuwa nipo ndani. Nilimwona kupitia kioo, nyuma ya picha, amesimama na kapu lake. Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kiooni, akaufuta kwa kiganja. Alitazama muda mrefu. Nikaona midomo yake inakazana, nikajua ananitukana, na nilistahili, na nisingebadilisha kitu.

Kisha akapita mwanamume mmoja, mgeni kabisa, na mzigo wake begani. Mama akamshika mkono wa shati. Mtu yule akasimama, akashangaa. Mama akaweka kidole chake kwenye kioo, kile kidole chenye gundi isiyotoka.

"Samahani, baba," akasema. "Huyu hapa ni mimi."