Plasta Tatu Juu ya Jina

Tangu lile gari la wagonjwa lianze kazi, Bi Yu-tao hakuwa na raha. King'ora kikilia upande wa barabara kuu, anaacha alichoshika na kutoka mbio, kwa magoti yale yale mabovu, hadi kona ya hekalu, kuangalia linaelekea kwa nani. Likirudi, anatoka tena. Wiki ya kwanza aliunguza uji mara mbili. Majirani wakasema mwacheni ajivune, na nani asingejivuna, jina lako linapita tarafa nzima kwa kasi na malori yanalipisha njia? Loo, wangejua. Mwanamke wa watu lile jina lilikuwa linamuuma kama jino bovu.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la mwanawe. Kuo-tung ana kiwanda cha vipuri vya baiskeli kule mjini Taichung, na ni mtoto mwenye moyo, lakini mama yake ni mgumu kupewa kitu. Bangili ya dhahabu aliirudisha dukani kwa miguu yake mwenyewe. Kiti cha kukanda mgongo sasa analalia paka. Basi mama alipokaribia kutimiza miaka themanini, Kuo-tung akakaa na dada zake, wakaamua kumpa kitu ambacho hataweza kukirudisha: watatoa gari la wagonjwa kwa kituo cha zimamoto cha pale kijijini Lunzai, maana zimamoto ndio hubeba wagonjwa, kwa heshima yake. Wengi hufanya hivyo, hilo si jambo geni. Siku ya sherehe, watu walipokwisha kula tambi za maisha marefu na kongoro la nguruwe, wakamshika mkono mama hadi barabarani, na pale kuna gari jeupe limefungwa utepe mwekundu, zimamoto wamejipanga na kofia zao, na ubavuni pameandikwa: zawadi kwa heshima ya mama yetu mpendwa, Kao Yu-tao. Jina lenyewe herufi tatu za Kichina, nyekundu, kila moja kubwa kama kiganja cha mwanaume. Watu wakapiga makofi. Yeye alifunika uso, na wote wakadhani ni furaha.

Kwa kuwa magari mengi ya namna hiyo huandikwa majina ya waliokwisha kufa, binamu yake anayekaa Chiayi alipolipita njiani akapiga simu kutoa pole, na aliyepokea simu ni marehemu mwenyewe. Kijiji kilicheka siku tatu. Yu-tao naye alicheka, kidogo, kisha akaenda kubandika plasta zake za maumivu. Haipiti siku bila plasta, moja goti la kulia, moja la kushoto, moja kiunoni, na nyumba yake inanuka kafuri kuanzia mlangoni.

Ambaye hakucheka ni wifi yake. Pao-lien, dada wa marehemu mumewe, ana miaka sabini na sita. Alipofiwa na mume wake alirudi kukaa nyuma ya hekalu, na asubuhi huuza mikate ya figili sokoni. Mdomo haumkai huyo. Wateja walipomuuliza kama ameliona gari la wifi yake, alikata mkate vipande vinne kwanza, bila haraka, halafu akasema kwa sauti ya kumfikia hadi muuza samaki:

"Nimeliona. Aliyemkosesha mama yangu gari, leo kapewa lake."

Maneno hayo yalimfika Yu-tao kabla mikate haijapoa. Hayakuwa mageni kwake. Alikuwa anayasikia mwaka wa thelathini na moja huu.

Mama mkwe wake, Bibi Lai A-sui, ambaye ndiye mama mzazi wa Pao-lien, alianguka mchana mmoja wa mwezi wa saba, katikati ya msimu wa karanga. Gari la wagonjwa lilikuwa moja tu tarafa nzima, na siku hiyo lilikwisha kuchukua mtu mwingine. Yu-tao alimbeba bibi mgongoni kwenye mvua hadi barabarani, akasimamisha pikapu iliyojaa vitunguu saumu, na bibi akakata roho kabla hawajafika darajani. Hayo ndiyo aliyosimulia msibani, na yote ni kweli tupu. Pao-lien aliyasikiliza akiwa amevaa vazi la gunia la wafiwa, akamtazama wifi yake mikono, akasema mbele ya watu kwamba amemchelewesha mama. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Siku za kuwafukizia wazee waliotangulia ubani huja wote wawili, kila mmoja na ubani wake, wanapishana mlangoni kama watu wa nchi mbili zenye ugomvi.

Sasa liko jambo ambalo Yu-tao hakumsimulia mtu, hata mumewe akafa halijui. Bibi alimwita kabla. Wingu lilikuwa limetanda, karanga zimeanikwa uwanja mzima, na sauti ikatoka chumba cha ndani ikisema Yu-tao, hebu njoo. Akajibu asubiri kidogo, aingize karanga. Akaitwa mara ya pili, akasema nakuja. Aliingiza gunia la mwisho tone la kwanza likianguka, akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia ndani, na bibi alikuwa sakafuni. Robo saa ilikuwa imepita, labda dakika ishirini.

Haya, mtu mwenye robo saa hiyo kifuani, wewe unamwandikia jina lake kwenye gari la kuwahisha wagonjwa! Yu-tao aliona kila atakayebebwa mle anabebwa juu ya uongo wake. Na siku mtu akifia humo, itakuwa ni yeye tena, safari ya pili. Ndiyo maana alikuwa anakimbilia kona. Alikuwa anataka kujua kama wamerudi wazima.

Alikwenda kituoni kuomba jina lifutwe. Mkuu wa kituo akampa chai akidhani amekuja kupiga picha, na alipoelewa, akamwambia kwa upole kwamba barua ya kubadilisha inaandikwa na aliyetoa, si na aliyepewa heshima. Akampigia Kuo-tung. Mtoto alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Mama, hata hiki unarudisha?" akasema. "Basi nipe sababu moja tu."

Sababu ilikuwepo, ilimfika hadi kwenye meno. Akaimeza. Alisema tu kwamba jina halimfai, na Kuo-tung akaona ni ule unyenyekevu wake wa siku zote, akamwambia ale vizuri na aache kujisumbua.

Ukaja mwezi wa saba. Alasiri moja Yu-tao alikuwa uwanjani anabangua karanga, king'ora kikasikika, na safari hii hakikupita. Kiliingia kijijini, kikakata kona ya hekalu, kikanyamaza ghafla. Alifika pale na kandambili moja mguuni, nyingine hajui imebaki wapi. Gari limesimama mlangoni kwa Pao-lien, ubavu wenye jina ukiutazama mlango.

Pao-lien alikuwa amelazwa kwenye machela, uso umepauka kama unga wa mikate yake, mkono mmoja kifuani, wa pili umeng'ang'ania mwimo wa mlango. Kifua kilimbana tangu asubuhi akakaidi, mpaka jirani alipoamua kupiga simu bila kumuuliza. Sasa wamemtoa nusu, ameliona lile jina, na amegoma. Chuang, mama wa zimamoto mwenye mabega ya mpagazi, alikuwa anambembeleza: bibi, gari jingine liko mbali, litachukua nusu saa, na moyo wako huu hauna nusu saa. Pao-lien akajibu, pumzi zikimkatika, kwamba atangoja, kwani mama yake naye alingoja.

"Ndani ya jina la huyo siingii," akasema. "Niacheni nifie hapa."

Watu wote wakamgeukia Yu-tao. Wapo waliotegemea atalia, na wapo, tusidanganyane, waliotegemea kusikia matusi ya miaka thelathini yakimwagwa pale pale. Yeye alipandisha suruali hadi juu ya goti, mbele ya wanaume waliokuwa wanacheza karata hekaluni, akabandua plasta ya mguu wa kulia kwa mkupuo mmoja. Akaibandika juu ya herufi ya kwanza. Akabandua ya mguu wa kushoto, akaibandika juu ya herufi ya pili. Plasta ikakaa upande.

"Haya," akasema. "Jina liko wapi?"

Pao-lien akainua kichwa kidogo. Hata roho ikiwa mkononi, hakuwa mtu wa kumwachia wifi yake kitu.

"Limebaki moja."

Yu-tao akaingiza mkono nyuma ya blauzi, akapapasa kiunoni, akaing'oa ya tatu, akaibandika na kuikandamiza kwa ngumi mara mbili. Gari zima lilinuka kafuri. Pao-lien akalitazama, vidole vikaachia mwimo.

Chuang hakungoja abadili nia. Alipomsukuma ndani akauliza nani ndugu yake hapa, na watu wakatazamana, maana watoto wa Pao-lien wote wako Taipei.

"Mimi ni wifi yake," Yu-tao akasema, akapandishwa na mguu wake mmoja peku.

Ukiwa ndani ya gari lile, king'ora kinakupigia kichwani moja kwa moja. Yu-tao alishika ukingo wa kitanda na kuutazama ule uso uliofunikwa barakoa ya hewa. Kwa kuwa hawezi kumjibu, au kwa kuwa walikuwa wanalikaribia lile daraja, mdomo ukafunguka wenyewe. Akasema yote. Wingu, karanga, sauti ya chumba cha ndani, gunia la mwisho.

"Aliniita mara mbili," akamaliza. "Nikamwambia asubiri."

Pao-lien akaivuta barakoa pembeni. Chuang akairudisha. Akaivuta tena.

"Najua," akasema. "Shati la mama lilikuwa na vidole vyako mgongoni. Udongo wa karanga. Nikajua karanga ndizo zilizotangulia. Nililifua mimi."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Chuang akambandika barakoa kwa nguvu, akawakemea wote wawili kama watoto wa shule, akasema atakayefungua mdomo tena atamteremsha. Yu-tao akalia kwa sauti, bila haya, kamasi na machozi pamoja. Mkono wa Pao-lien ukapapasa juu ya shuka hadi ukaupata wake, ukaubana mpaka mifupa ikauma. Hakujua kama ule ni msamaha au ni kifua kinamuuma. Hakuuliza, na daraja likapita.

Mshipa wa moyo ulizibuliwa jioni ile ile. Daktari alisema mgonjwa amewahishwa, na Yu-tao akamwomba alirudie hilo neno, akalirudia.

Siku mbili baadaye Kuo-tung akaja kutoka Taichung, amesikia habari za plasta na hajui acheke au akasirike. Mama yake akamkalisha kwenye benchi la hospitali, akampa ile sababu moja aliyoiomba. Bibi huyo ndiye aliyemlea Kuo-tung. Akauliza, kwa sauti ndogo, kwa hiyo gari afanye nini nalo.

"Liandike jina la bibi yako," mama akasema. "Zawadi ni yako, mimi sikurudishii. Lakini heshima umempa mtu asiyestahili."

Barua ikaandikwa. Plasta zilikaa pale wiki tatu zaidi, zimeingia vumbi, madereva wengine wakidhani gari limegongwa, mpaka fundi wa rangi alipokuja. Sasa ubavuni pameandikwa Lai A-sui, na Pao-lien alikwenda mwenyewe, kwa hatua za mgonjwa, kuhakikisha fundi hajakosea.

Daktari amemkataza kusimama sokoni, kwa hiyo mchana huja kwa Yu-tao kubangua karanga. Usidhani wamegeuka malaika. Wanagombana juu ya chumvi, juu ya feni, juu ya nani alikuwa mzuri wakati wa usichana. Na king'ora kikilia, Yu-tao bado ananyanyuka. Hakimbilii kona tena, lakini anaweka ungo chini na kusimama wima uwanjani, maganda yanamdondoka mapajani, hadi sauti ipotee upande wa darajani. Pao-lien humwambia kaa chini bibi wee, zimamoto hawajakuajiri. Hakai.

Juzi karanga zilikuwa zimeanikwa nje, uwanja mzima, na wingu likaja haraka kutoka baharini. Walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, wameshika gunia, huyu pembe hii na huyu pembe ile, king'ora kikaanza kulia kituoni. Yu-tao akaliachia gunia.

"Wifi, mvua hiyo," Pao-lien akasema. "Tuingize karanga kwanza."

"Zilowe," Yu-tao akasema, amekwisha kusimama. "Mama anaita."

Pao-lien akazitazama karanga, akalitazama wingu. Kisha akashika mgongo wa kiti, na yeye akanyanyuka.