Jiko Kubwa Kuliko Sebule

Nilikuwa nimeshavuka daraja, begi mgongoni, naelekea stesheni ya treni, Torbjørg aliponiita kutoka kwenye gari la bintiye.

"Wewe mzururaji! Wapi tena?"

"Kusini, mama. Kabla theluji haijanifungia huku."

"Theluji itakungoja. Panda. Tunakwenda kuchagua jiko, na wewe ndiye unayeijua dohani yangu."

Nikapanda. Nimekula viazi na samaki kwa mama huyo kila vuli, miaka kumi na mmoja, baada ya kumsafishia dohani, maana kazi yangu ni kukwangua mabomba ya moshi. Mumewe, Halvard, tulimzika mwezi wa Mei.

Sunniva, bintiye, aliendesha bila kugeuka. Walishakubaliana: meko ya wazi inakula kuni na kupeleka joto lote angani. Nyumba isiposhika nyuzi joto kumi na nane Novemba, Torbjørg atahamia mjini, kwenye chumba jirani na makao ya wazee. Ikishika, anabaki kwake. Ndiyo maana walitaka jiko la chuma la kupashia nyumba joto, lenye mlango wa kioo, lile linalosukumwa ndani ya meko ya zamani likakaa humo.

Dukani, Ingvald muuzaji alisoma vipimo, akagonga jiko moja kwa kidole.

"Sebule yako ndogo, Torbjørg. Hili linakutosha. Linataka kuni za sentimita thelathini."

"Halvard alikata za sitini."

"Basi zikate katikati."

Bondeni kwao mwanamume hujulikana kwa rundo lake la kuni. Wapita njia hupunguza mwendo walitazame. Halvard alizikata zile msimu wa baridi uliopita, tumbo likimuuma tayari, akazipanga ukutani, magome juu, ncha zote sawasawa. Za kutosha miaka miwili.

"Hazikatwi," Torbjørg akasema.

"Mama, ni kuni tu."

"Na wewe ni mtu tu, lakini sijakukata katikati."

Ingvald akacheka, akaonyesha jiko la kona. "Lile linameza sitini. Lakini ni la ukumbi. Likiwaka vizuri utakaa na chupi hapo sebuleni. Mwisho utalibana hewa lipunguze joto, na moto uliobanwa hutoa moshi mzito, unaganda dohanini. Muulize huyu."

Wote wakanitazama. Nilijua. Nimekwangua sana masizi ya namna hiyo, meusi, yanang'aa kama lami, nayo yakishika moto hayazimiki kwa urahisi. Lakini Torbjørg alikuwa akivuta uzi wa mkono wa sweta yake, anauvuta tu, na treni yangu ilibakiza saa moja.

"Chukua kubwa," nikasema. "Ila uchome kwa nguvu kila asubuhi, hewa wazi."

Novemba Sunniva aliniandikia: nyuzi ishirini na mbili, mama anabaki. Nilifurahi.

Sikufikiria kwamba Torbjørg angezionea huruma kuni zile. Kila moja ikiungua, moja imepungua. Akawa anaweka gogo moja, anafunga hewa, lifuke kutwa nzima. Mapema Januari, saa nne asubuhi, dohani ilishika moto. Jirani alisema ilinguruma hadi vikombe vyake vikatikisika. Zimamoto waliiokoa nyumba, lakini dohani ilipasuka juu hadi chini na ukuta wa chumba cha kulala ukaungua.

Machi nilimkuta Torbjørg kwenye kile chumba cha mjini.

"Mimi ndiye niliyekwambia uchukue kubwa," nikasema.

"Nilishalichagua kabla hujafungua mdomo. Nilitaka mtu wa kunikubalia tu." Akaweka kiganja ukutani. "Hapa joto linatoka lenyewe. Mtu akiamka hana la kufanya."

Alikaa humo misimu miwili ya baridi, akafa kwa ugonjwa wa mapafu mwezi wa Februari. Nyumba waliinunua mke na mume kutoka Oslo, huja Pasaka tu. Dohani waliibomoa, na kuni zilizobaki walimpa jirani. Ingvald alifunga duka, yuko kwa mwanawe. Sunniva anafundisha hesabu shuleni, hatuandikiani. Mimi nasafisha dohani pwani ya magharibi, na bondeni sijarudi.