Filamu Isiyo na Uongo

Chishimba akikohoa mara moja katikati ya sinema, ujue filamu ni mbaya. Akikohoa mara mbili, watu wa Nchelenge wanaanza kukunja mikeka. Mimi Olipa nawaambia, sijaona mutu mwenye kiburi kama yule, na ule mwaka hakuna mutu niliyemutegemea kuliko yeye.

Alikuwa amefanya kazi ya mugodi Elisabethville, kule Kongo, na kila Jumamosi aliingia sinema. Aliporudi kwetu ziwani hakuleta baiskeli wala muke, alileta maoni. Hukumu zake alizitoa kwa Kiswahili cha kule mugodini, na sisi wauza samaki, tuliokizoea kwa biashara na Wakongo, tukawa tunawafasiria wengine. Gari la sinema la serikali lilikuja kila kiangazi. Wanafunga kitambaa cheupe karibu na soko la samaki, karani anaeleza kwa kipaza sauti, na hakuna anayemusikiliza karani. Wote wamemugeukia Chishimba.

"Filamu ya choo ni ya bure," alisema siku moja. "Choo kile hakina hata inzi mumoja. Aliyekijenga hajakiingia." Ile ya malkia kuvishwa taji aliisifu kwa ajili ya farasi, lakini akauliza juu ya nini watu wengi vile wamekusanyika na hakuna anayekula. Ya Federesheni, ile ya wazungu kuunganisha nchi zetu, aliikohoa mara tatu: "Hii si filamu, ni hotuba imevaa picha." Za mapenzi alizidharau, wawili wanatazamana mupaka chakula kinapoa. Alizozipenda kwa roho yote ni za kauboi, na hapo ndipo alipotufundisha lile somo lake. Mutu akipigwa risasi, mama zetu walikuwa wanalia. Chishimba akawacheka: "Musilie bure! Huyu mie nilimuona anakufa Elisabethville, na juma lililofuata yuko juu ya farasi. Mutu wa sinema hafi."

Basi, ikawa neno la mutu anayejua. Hata watoto waliliimba.

Sasa sikilizeni. Bwana wangu Kafula alizama. Mutumbwi wake uliokotwa karibu na kisiwa cha Chisenga, umepinduka, nyavu zimo, yeye hayumo. Maiti hatukuipata. Tukalia, tukanyoa, mwaka ukapita. Kwa desturi yetu jina la marehemu haliachwi chini; ndugu mumoja analirithi, kisha anamufunga mujane ushanga mweupe mukononi, na mujane yuko huru. Wa kurithi alikuwa Chanda, mutoto wa dada ya mama mukwe wangu. Bila ushanga ule sikuweza kusuka nywele, sikuweza kurudi kwa mama yangu Mununga, na mwanaume asingenisogelea. Ndiyo, na mwanaume nilimutaka. Munanikodolea nini? Nilikuwa kijana.

Mwezi wa nane, siku chache kabla ya sherehe ya ushanga, gari likaja. Karani akatangaza filamu mupya, ya uvuvi wa ziwa letu wenyewe. Watu wakashangilia. Tukaona mitumbwi, tukaona kambi ya Chisenga, na mara, mama wee! Kafula. Kafula mwenyewe, mukubwa kama nyumba, ameinua samaki kwa mikono miwili, anacheka. Nilimutaka bwana wangu, nikamuogopa, nikamutaka tena. Halafu akaondoka, zikaja picha za watu wanaoanika samaki.

Mama mukwe wangu, Dorica, ambaye wote tulimuita Bana Kafula kwa jina la mutoto wake, alisimama mbele ya mwanga mupaka kivuli chake kikajaa kitambaa kizima. "Mutoto wangu! Mumemuona? Hakufa! Mutu wa sinema hafi, si ndivyo, Chishimba? Sema!"

Watu wote wakamugeukia. Chishimba hakukohoa. Alikuwa analia, mutu muzima yule, na Kafula alikuwa rafiki yake.

"Hii filamu haina uongo," akasema. "Miaka yote nangoja filamu isiyo na uongo. Ni hii."

Ee, kinywa chake! Kesho yake asubuhi Dorica alituma neno kwa kaka yake Sampa, mukubwa wa ukoo: pombe isipikwe, jina halirithiwi, mwenye jina yuko hai. Nikakimbia kwa Sampa. Nikamuambia muzungu wa picha alizipiga zile picha kabla bwana wangu hajazama. Nilikuwapo, nilikuwa na mimba. Sampa akajikuna kichwa. Muzungu yule, akasema, alikuja Chisenga mara tatu, hata baada ya musiba alikuja; nani anajua picha zile ni za mara ipi? Na nyuma yangu nikasikia wanawake: "Mujane anataka kuondoka, atasema nini kingine?" Niliwageukia nikawatukana kwa Kibemba, maana Kiswahili hakikunitosha.

Nikaenda moja kwa moja kwa Chishimba. Alikuwa anashona wavu mulangoni kwake. Sikumusalimia.

"Pembeni ya kitambaa," nikasema, "nyuma ya Kafula, kulikuwa na mwanamuke anapara samaki. Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Ni nani?"

"Ni weye, Bana Mutale."

"Na tumbo langu lilikuwaje?"

Anavuta uzi.

"Chishimba! Kila filamu unaipasua mupaka mifupa, leo umemeza ulimi?"

"Lilikuwa kubwa," akasema. "Kubwa kabisa."

Tumbo lile ndilo Mutale, mutoto wangu, ambaye siku ile alikuwa mugongoni mwangu anavuta kitambaa changu cha kichwa. Na Kafula alizama Mutale akiwa ameshaanza kutambaa. Alimuona, alimubeba, alimuimbia. Mutu aliyeliona tumbo lile hawezi kusema picha ni ya baada ya musiba.

"Sasa juu ya nini unanyamaza?"

Akaweka wavu chini. "Jana usiku, baada ya filamu, mama yule alimaliza bukari, ugali wote. Sahani nzima, na samaki, na akaomba maji. Tangu musiba alikuwa anaonja tu. Bon, unataka mie niende nimutapishe?"

"Na mie?" nikasema. "Mie nile nini? Nizeekee hapa namungojea mutu wa kitambaa?" Nikalia kwa sauti, sikujali nani anapita. Mutale naye akalia kwa kuniona mimi. Chishimba akaokota wavu wake, nikaondoka.

Sampa aliita ukoo muchana, uani kwake. Dorica alikaa kwenye mukeka, amevaa kitambaa kizuri, amemupakata Mutale. Sikujua kama Chishimba atakuja. Alikuja amevaa koti lake la Elisabethville, kama mutu anayekwenda kanisani, na hakukaa.

"Nilisema filamu ile haina uongo," akaanza, "na sibadilishi. Lakini filamu inaweza kusema kweli ya zamani. Mule ndani Olipa yuko na tumbo, na tumbo lile ni mutoto huyu. Na lile neno langu, eti mutu wa sinema hafi, sikilizeni vizuri. Yule hafi kwa sababu anacheza kufa. Kafula hakuwa anacheza. Alikuwa anafanya kazi yake tu, wakamupiga picha." Akamugeukia Dorica. "Alikufa, Mayo, mama yetu. Mutoto wako alikufa."

Watu wakamutazama Dorica. Nilidhani ataanguka. Yeye akamuweka Mutale vizuri kwenye paja.

"Umemaliza?" akamuuliza Chishimba. "Munafikiri mie sikuliona tumbo? Mwenye macho haambiwi tazama. Nililiona tumbo hata kabla ya kumuona mutoto wangu."

"Dada," Sampa akasema, "sasa ulitusumbua juu ya nini?"

"Kwetu mutoto ni wa ukoo wa mama yake. Mukimufunga huyu ushanga, Mutale anakwenda Mununga. Kafula alikuwa wangu wa pekee. Asiye na mwana abebe jiwe, ndivyo wanavyosema. Haya, jiwe langu liko wapi? Nilijua Kafula hatarudi. Nilitaka tungoje tu. Tukingoja wote, na mutoto anangoja hapa na mie."

Nilikuwa nimekuja na matusi yamenijaa mudomoni, nikakosa hata moja. Nilitamani anitukane yeye. Sampa akasema desturi ni desturi, na Chanda akaitwa. Chanda kijana, uzi unamuponyoka. Dorica ndiye aliyenishika mukono ukatulia, mupaka fundo likakaza. Nikawa huru. Uhuru niliulilia mwaka muzima, na ulipokuja nikaona haya kuutazama.

Siku ya kuondoka Dorica alimuogesha Mutale mwenyewe, akamupaka mafuta, akatusindikiza mupaka kwenye mutumbwi. Hakulia. Alinipa furushi la samaki wakavu, akaniuliza:

"Gari la sinema linafika kwenu?"

"Linafika, Mayo."

"Mukae mbele. Nyuma haonekani vizuri. Umuonyeshe baba yake."

Nikamuahidi. Mwaka muzima kule Mununga nilimuambia Mutale: baba yako atakuja na gari, utamuona amebeba samaki, anacheka. Akawa analirudia hilo kwa kila mutu anayepita. Kiangazi kilipofika na gari likafika, tuliwahi kukaa mbele kabisa jua halijazama, Mutale miguuni pangu, amevaa gauni jipya. Wakaonyesha namna ya kupanda pamba. Wakaonyesha namna ya kuchanja ng'ombe, sisi ambao hatuna ng'ombe. Halafu ikaja ya kauboi, na karani akasema hiyo ndiyo ya mwisho.

Kitambaani walijaa wazungu juu ya farasi, vumbi tupu. Mutale alisimama, akawatazama mumoja mumoja, kisha akanigeukia.

"Mama, baba ni yupi?"

"Leo hakukuja," nikamuambia.