Shomoro kwenye Ukuta wa Zizi

…kwa sababu tangu Alhamisi ile, tarehe kumi na nne Mei, saa nane na robo mchana, mume wangu Tsokolo alipovuta pumzi na asiitoe tena, mimi nachunguza kila kinachoingia na kila kinachotoka katika ua huu, na leo naona mpichi umechanua, matawi bado matupu, hayana hata jani moja, na maua tayari yametoka, mekundu ya kufifia kama gauni lililofuliwa mara nyingi, na Agosti haijaisha, theluji ningali naiona kule juu milimani, mti wenye haraka hivi unaficha nini… mimi nimeketi kwenye kigoda mbele ya mlango na nguo yangu nyeusi na blanketi langu jeusi, jua la asubuhi limenifika magotini, na wifi yangu 'Mapaseka, dada yake Tsokolo, ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anachagua maharagwe kwenye ungo na anaongea, huyu mtu akianza kuongea anamimina tu, anasema, "Jumamosi ni keshokutwa, mke wetu, Padre amekubali kuja saa nne, mbuzi yupo, mtama wa pombe umeshaota, kilichobaki ni kichwa chako tu," halafu anacheka, kichwa changu, anakitakia nini kichwa changu… najua anachosema, Jumamosi ninavuliwa nguo ya msiba, na anayevuliwa nguo ya msiba hunyolewa tena kama alivyonyolewa siku ya kuivaa, najua, lakini namna anavyolitamka lile neno kichwa, na jicho lake halinitazami, linatazama maharagwe, "Nauliza," anasema, "nishike wembe mimi kama mara ile, au una mtu wako?" na mimi jibu ninalo, nimelikariri tangu alfajiri kabla ya rozari, Mungu anisamehe, na wakati wa rozari pia, nitamwambia wembe atashika jirani yetu 'Mamosa, na Jumapili baada ya misa wewe wifi ufunge mizigo yako urudi ulikotoka, lakini ulimi haujanyanyuka, namtazama kwanza, namchunguza… ulikotoka ni wapi, mwanawe Paseka alifia mgodini, mumewe alichukua mwanamke mwingine kabla arobaini haijaisha, nikimtoa hapa anatoka na jina la wanaologa, kijiji kizima kitajua kwa nini mjane amemtoa dada wa marehemu wiki ya kuvua nguo, halihitaji kutamkwa, kila mlango utamfungia, najua hilo, na bado jibu ninalo, kwa sababu anayeshika wembe ndiye anayezika nywele, ndivyo kwetu, na mara ile mimi niliona, niliona kwa macho yangu haya haya… tulinyolewa hapa hapa mlangoni asubuhi baada ya maziko, mimi kwanza, kisha yeye, nywele zote zikaangukia kwenye beseni lile la bluu lililobanduka rangi, yeye akalibeba akaenda nalo nyuma, upande wa zizi, ambako mimi siwezi kumfuata, mke aliyeolewa hapa hakanyagi zizi la wakwe, mwenye nguo nyeusi ndiyo kabisa, ng'ombe watatupa mimba, yeye ni binti wa hapa, yeye hupita, na alirudi upesi, beseni tupu, na mikono yake, hapa ndipo ninaposhikilia, mikono yake ilikuwa safi, hakuna udongo kwenye kucha hata chembe, mtu aliyechimba shimo anarudije na kucha safi, na jembe lilikuwa limeegemea ukuta huu, halikusogea… nikasema moyoni labda alinawa, lakini maji yalikuwa ndani, na ndani alikuwa hajaingia.

Kisha Juni, kichwa kikaanza kuniuma, upande huu wa kushoto, kama mtu anayegonga msumari taratibu, hana haraka, na 'Mamosa akaja siku moja na bakuli la unga, akakaa, akainama, akaninong'oneza, "Mwenzangu, nywele zako zilizikwa wapi, uliona?" nikasema sikuona, akasema, "Mh," basi, hakusema kingine, akaondoka na ile mh akaniachia, nami nimeilea kama mtoto, nimeinyonyesha… Padre anasema mwamini haogopi nywele, nami najua, nimebatizwa, nimefunga ndoa madhabahuni, ninavaa medali ya Bikira, lakini Padre hajaamka usiku akakuta kichwa chake kinagongwa, na bibi yangu, naye mbatizwa, alikuwa anatuonya tukichana nywele uani, okoteni, ndege akizijengea kiota utaumwa kichwa mpaka vifaranga viruke… basi tangu Juni sili anachopika yeye, nauchukua uji wake wa asubuhi, nasema asante wifi, nazunguka nyuma ya nyumba, nawamwagia kuku, nanawa bakuli, narudi nasema umekolea vizuri, ninajichemshia viazi akienda kisimani, mjane mzima, ninakula viazi kwa kujificha katika nyumba yangu, na wiki iliyopita akasimama pale pale, mkono kiunoni, akasema, "Kuku wa nyumba hii wananenepa kuliko mwenye nyumba," akaenda zake, nikasema amejua, sasa atabadilisha njia, atatia kwenye maji, atatia kwenye chumvi… "Halafu huyu jogoo mweupe," anasema sasa, "nimemtazama, Jumamosi tumchinje, amekula sana huyu, ana deni," na anacheka tena, bado hanitazami, anatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharagwe, tik, linagonga ukuta, na shomoro anaruka.

Shomoro, dume, kichwa cheusi na kola nyeupe kama katekista, yeye na jike lake wanajenga kwenye mpichi tangu Jumatatu, kwenye tawi la chini, hatua nne kutoka hapa nilipo, nimewaona na sikuwapenda, wachafu hawa, kiota chao si kiota, ni fungu la takataka, majani makavu, uzi wa gunia, manyoya ya kuku, kipande cha karatasi ya sabuni, mbayuwayu wao walau hujenga kwa matope na ustaarabu, nao wamefika jana, wawili, wamezunguka paa mara tatu na kuondoka kana kwamba wamekuja kukagua nani kafa… shomoro anatoka kwenye mti, anapita juu ya kichwa cha 'Mapaseka, anakwenda nyuma, anarudi na kitu mdomoni, anakipachika, anakwenda tena, njia ni ile ile, haendi shambani, haendi jalalani, anakwenda upande wa zizi, nikinyoosha shingo ninauona ukuta wake wa mawe, yale mawe ya kupanga bila udongo yaliyopangwa na baba mkwe, anatua kwenye ukuta, anaingiza kichwa katikati ya mawe mawili, anavuta, anavuta kwa nguvu hata mkia unatetemeka, kuna nini ndani ya ukuta… "Hunisikii," anasema wifi, "nasema na mti," nikasema, "Nakusikia," yeye, "Basi jibu, wembe nani?" mimi, "Subiri," yeye, "Nimesubiri tangu uji," ule uji, kila mara uji… na ndege anarudi, safari hii amebeba fungu kubwa kuliko kinywa chake, lining'inialo pande zote mbili kama masharubu, anatua kwenye kamba ya nguo, kamba inayumba, fungu linamponyoka, linashuka polepole kwa sababu halina uzito, linaanguka mbele ya kiatu changu, nami ninalikanyaga, haraka, kama mtu anayekanyaga kitu ili asikione mwingine, na wifi hajaona, anapuliza makapi, ninainama nijifanye najikuna mguu, naliokota, nalificha kiganjani chini ya blanketi.

Si manyoya ya mbuzi. Nalijua hilo kwa vidole kabla ya macho, manyoya ya mbuzi huteleza, hizi zinashikana, nafunua blanketi kidogo, natazama, nywele, za mtu, nyeusi zenye mvi, zangu, nazijua kama ninavyoujua mwandiko wangu, tazama, hakuzika, nilisema mimi, hakuzika, alizichomeka ukutani zizini, na ndege sasa wanazijengea, ndiyo maana kichwa, ndiyo maana, najiambia simama 'Manyakallo, simama sasa umuulize mbele ya jua hili… lakini vidole vinaendelea kutenganisha, vyenyewe, kwa desturi ya kazi, na kuna nyingine, nyeupe kabisa, nyeupe kama pamba, zimesukana na zangu hata hazitoki, za nani nyeupe hizi, mimi sina nyeupe kiasi hiki, kichwa cheupe namna hii katika ua huu kilikuwa kimoja tu, kilikuwa cheusi mpaka wiki ile walipomleta Paseka kutoka mgodini, kikageuka kabla ya mazao ya mwaka ule kuvunwa, ni zake, ni za 'Mapaseka, amezichomeka zake na zangu pamoja, shimo moja, jiwe moja… nani anayempelekea mganga nywele za adui yake zimefungana na zake mwenyewe, 'Mamosa, hebu nijibu, nani, sema mh… na kuna za aina ya tatu, kidogo tu, fupi, ngumu, za manjano kwenye ncha, na hizi nazitazama muda mrefu, sizijui, sizijui, kisha pua yangu inazijua, tumbaku, ni ndevu, ni ndevu zake, Jumapili ile kabla ya Alhamisi nilimkalisha jua la mlangoni nikampunguza ndevu kwa mkasi kwa sababu alisema hataki Padre amkute na ndevu za beberu, alicheka akakohoa, nikazikusanya kwenye mkebe wake wa tumbaku nikauweka dirishani, nikasahau, maziko yakaja nikasahau, na asubuhi ya kunyolewa 'Mapaseka aliufungua akaniuliza, "Na hizi?" nami nilikuwa sioni, uso wote maji, nikasema fanya unavyojua, nilisema hivyo, ni mimi niliyesema, akazimimina kwenye beseni juu ya zetu… na ardhi ilikuwa imeganda, Mei ile, wanaume walichimba kaburi kwa sururu siku mbili, yeye na mgongo wake ule angechimba kwa nini, kwa kijiko, alizipeleka mahali ambapo kaka yake alisimama kila jioni akihesabu ng'ombe, akazisukuma kati ya mawe ya baba yao, mikono ikabaki safi, mikono ilikuwa safi, Bwana, mikono yake ilikuwa safi, na mimi miezi mitatu nimeihukumu.

"Unalia au ni vumbi?" anasema, na sasa ananitazama, ameinua uso, kichwa chake kimefungwa kitambaa na chini ya kitambaa nywele zimeanza kuota, fupi, nyeupe, nasema, "Upepo wa Agosti," anasema, "Hakuna upepo," na kweli hakuna, maua ya mpichi hayatikisiki hata moja… kuku wananenepa kuliko mwenye nyumba, alijua, tangu Juni alijua kwamba namwaga, aliyaona makombo, aliwaona kuku, na kila asubuhi aliamka akapika tena, akajaza bakuli, akasema kunywa ungali wa moto, mimi nikasema umekolea, yeye akasema haya, asubuhi moja baada ya nyingine, majira yote ya baridi, alikuwa ananipikia uji akijua anawapikia kuku, na sumu katika ua huu ilikuwa moja, nilikuwa nayo mimi, nikisali nayo… kichwa bado kinauma, upande ule ule, sasa naona kinauma kwa njaa tu, labda, au kwa kulia, sijui, sitafuti tena mwenye kosa… ndege yupo kwenye kamba, anageuza kichwa huku na huku, anatazama mkono wangu ulio chini ya blanketi, naye ananishuku, ana haki, bibi yangu alisema utaumwa mpaka vifaranga viruke, basi niumwe, naufungua mkono, naliweka fungu pembeni ya kigoda, mahali anapoweza kulifikia, na maharagwe yanasikika kwenye ungo, shah, shah, na 'Mapaseka amerudisha macho kwenye kazi, anasubiri, hajui anasubiri nini, anadhani ni wembe, anasema taratibu, bila kucheka sasa, "Ukitaka 'Mamosa, sema tu, mke wetu, mimi sitanuna," na jibu nililolikariri limeondoka kabisa, nimebaki na jingine fupi, liko mdomoni, nitalitoa, nimalize kwanza hili moja… Bwana uliyewaona shomoro, mwone na Tsokolo, mtumishi wako, aliyependa tumbaku na ng'ombe na kucheka katikati ya kikohozi, usimhesabie makosa yake wala yangu niliyoyafanya kwa jina la kumlilia, mpe mahali penye jua la asubuhi, na Paseka kijana wetu umweke karibu naye, wasikae peke yao, na wewe Bikira mwenye huzuni uwafunike wote wawili kwa blanketi lako mpaka tutakapokuja, mimi na huyu, Amina.