Mikanda ya Kanyange

Uwitonze alirudi kutoka mtoni akakuta mikanda ya nyonga ambayo nesi alimfunga mtoto wake Kanyange imefumuliwa. Miguu ya Kanyange ilikuwa imenyooshwa na kufungwa pamoja kwa kipande cha kitenge, kama mzigo wa kuni. Alifungua fundo moja moja. Mama mkwe wake, Athanasie, alikuwa mlangoni anasugua bido, madumu ya maziwa.

"Miguu inanyooshwa ingali mibichi," Athanasie akasema. "Njo vile tunafanyaka hapa Kibabi. Kilema ulikileta toka kwenu Kalembe, usitufundishe."

Neno hilo la Kalembe lilishafika kila zizi. Uwitonze alilimeza, akaliweka.

Kesho yake akambeba mtoto wake wa miezi mitatu mpaka kituo cha afya. Nesi Solange akakunja vigoti, akasukuma kidogo. Nyonga ya kushoto ikachomoka chini ya vidole vyake. Akafunga mikanda upya, miguu ikakaa panda.

"Kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu, mfupa laini, Mama. Na kikombe chake, pale kinapoingia, vilevile. Seli za gegedu zinapokea maagizo ya ukoo, ya baba na ya mama. Lakini zinangoja kichwa kikae ndani, kisukume, ndipo zijue kikombe kichimbwe wapi. Ukinyoosha miguu, kichwa kinatoka, kikombe kinabaki sahani. Wiki sita, usiku na mchana. Wakifumua tena, atapasuliwa Goma, ao atachechemea maisha yote." Akashika kalamu. "Kwa ukoo wenu, nani anachechemea?"

Uwitonze alijua. Mume wake Shyaka alishamnong'oneza: bote ya kushoto ya mama yake, kile kiatu cha mpira, ina kitambaa kilichokunjwa ndani, kuficha mguu mfupi tangu utoto.

Asubuhi, wamama wakiwa mstari kwa kupima maziwa, Uwitonze akasimama mbele ya Athanasie.

"Mama, nesi anauliza nani anachechemea kwetu. Kalembe nimehesabu mpaka babu wa babu, sikuona. Sasa vua bote ya kushoto, tumusaidie nesi."

"Kumbe ile kitambaa haikuwa ya baridi," akasema jirani mmoja asiyejua kunyamaza. Mstari mzima ukacheka.

Athanasie hakuvua. Aliondoka, hatua ndefu, hatua fupi, asijifiche tena. Uwitonze alimtazama mpaka konani, na kila hatua ilimshuka tumboni kama maziwa ya moto. Hakusikitika.

Wiki sita Athanasie hakugusa mkanda. Wala mtoto. Siku nesi aliposema kichwa kimetulia kikombeni, Athanasie akaja uani, jirani yule akiwepo.

"Mama Kanyange, nipe nimubebe."

"Sikusikia, Mama."

"Nipe mutoto nimubebe. Tafazali."

"Na kilema kilitoka wapi?"

Athanasie alitazama bote zake. "Kwangu."

Uwitonze akamuweka Kanyange mgongoni mwa Athanasie, akaipanua ile miguu midogo mmoja huku, mmoja kule, akakaza kitenge.

"Hivi. Nikiikuta imenyooka, mujukuu utamuona kwa macho tu."

"Sawa, mwanangu," Athanasie akasema, akainama vizuri ili mtoto akae.