Kafi la Baba si Pambo

Siku ya arobaini na tisa ya msiba wa baba, ambayo kwa desturi yetu ndiyo ya kuhitimisha, wageni hawajamaliza hata kula miguu ya nguruwe, kaka yangu Choyu akasimama sebuleni na kutangaza kwamba kafi la marehemu linaingia kwenye kabati la kioo, ukumbini kwake anakofundisha karate, watu waje waliinamie.

"Waliinamie kafi?" nikasema. "Kwani limefufuka?"

Baba mdogo Shinko akapaliwa na pombe.

"Kamado, chunga mdomo wako," kaka akasema. "Mimi ndiye mwalimu hapa. Hiyo ni silaha ya ukoo."

Mwalimu ni kweli. Ana mkanda mweusi wenye jina lake kwa uzi wa dhahabu, asije akalisahau. Lakini kafi lile baba aliendeshea mtumbwi baharini, akapigania nalo nchi kavu, na nilipokuwa msichana alinipa nilizungushe ufukweni mpaka viganja vikatoka malengelenge. Leo lifungiwe kwenye kioo, likauke, lipasuke? Ningekuwa nimemzika baba mara mbili. Nikasema silitoi, labda nife.

"Si mna mikono?" baba mdogo akafoka. "Nendeni ufukweni. Atakayemwangusha mwenzake alichukue, sisi tule." Alikuwa amelewa, lakini ndiye mkubwa wa ukoo, na akisema amesema.

Kaka akachukua sai zake, vile vyuma viwili vyenye pembe. Mimi nikachukua kafi. Nusu ya msiba ikatufuata na vikombe mkononi.

Kaka akainama kwa heshima, akajipanga, akavuta pumzi mpaka tumboni. Anapendeza kumtazama, sikatai. Sasa, katika mchezo wa kafi kuna mahali unachota chini kwa ule ubapa. Ukumbini kwake sakafu ni ya mbao, inang'aa, kwa hiyo yeye na wanafunzi wake huchota hewa, taratibu, na nyuso za watu wanaosali. Mimi nikachota mchanga, nikaupeleka wote machoni mwake.

"Aaa! Rafu hiyo!" Sai zikamdondoka.

"Ndiyo mchezo wenyewe, kaka! Ulidhani unachota nini miaka yote hii?" Nikampiga ngwala, akakaa chini, pwaa!

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikaleta birika la chai ya yasmini iliyopoa, nikamwosha macho huku namtania. Mchanga ukatoka. Machozi hayakukoma.

"Mchanga umeisha, kaka."

"Najua." Akageuza uso watu wasimwone. Mazishini hakutoa hata chozi moja, na nilimchukia kwa hilo. "Mimi alinifundisha ukumbini tu," akasema kwa sauti ya chini. "Kutwa 'nyoosha mgongo, Choyu, nyoosha mgongo.' Huku ufukweni alikuleta wewe. Nilikuwa nawasikia mnavyocheka. Hakuniita hata siku moja."

Roho iliniuma.

Nikawafukuza wenye vikombe wote, pamoja na baba mdogo. Kisha nikamvuta kaka mkono akasimama, nikamshikisha kafi.

"Vua viatu," nikamwambia. "Na mgongo uupinde."