Ukumbi Ulionyooka

Mwaka ule wa hamsini na tano, Ngamiani nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya mabati. Kila aliyejaliwa alivua makuti, na asiyejaliwa alikaa barazani akiwakosoa waliojaliwa. Uweso, mpakizi wa mkonge bandarini kwa miaka ishirini na mitatu, naye akasema zamu yake imefika. Mkewe, Mwanamkasi, hakuwa na haja kubwa na mabati. Yeye alitaka chumba.

Alikitaka kwa ajili ya Asmahani, binti yao wa pekee, aliyeolewa Pangani na aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa sita. Mimba ya kwanza mwanamke huja kuzalia kwao, hilo halina mjadala, na Mwanamkasi alikwisha kukipanga chumba kichwani: kitanda cha mzazi hapa, mkeka wa mkunga pale, na upande wa dirishani yeye mwenyewe, siku zote arobaini. Chumba kilichokuwapo kilikuwa chembamba. Lakini ubavuni mwake kulikuwa na stoo ambayo baba yake Uweso aliijenga zamani, ikajitokeza mpaka katikati ya ukumbi na kuufanya ukumbi upinde kama kiwiko. Stoo itavunjwa, nafasi yake iingie chumbani. Walikubaliana hivyo wote wawili mbele ya fundi wao Methusela, Mbondei wa Muheza, mtu mpole asiyependa makelele.

Stoo ikavunjwa. Siku ya pili yake Uweso alirudi kutoka hospitali, alikokwenda, kwa maneno yake, kuangaliwa kikohozi. Akasimama katikati ya vumbi, akautazama ukumbi kutoka uani hadi mlango wa mbele.

"Fundi," alisema, "nafasi ya stoo iache ukumbini. Ukuta wa chumba ujenge pale pale ulipokuwa. Na mlango wa mbele upanue."

Mwanamkasi alikuwa akichambua mchele. Alidhani hakusikia vizuri.

"Na chumba cha mwanangu?"

"Kitatosha."

"Kitatosha nini, Baba Asmahani? Mkunga atakaa juu ya kitanda? Nyumba njema si mlango, bwana. Nani anayekuja kwetu, gavana?"

"Mama Asmahani, niachie hili moja tu."

Hakueleza zaidi. Mwanamkasi akanuna, na kununa alikujua. Hakugomba, hakutupa sahani. Alipika kama kawaida, akatenga chakula, akaondoka bila kumkaribisha mtu. Akisalimiwa asubuhi aliitikia kwa kichwa, tena kichwa chenyewe kwa mbali. Ikapita siku moja, zikapita tatu, zikafika tisa.

Katika siku hizo Uweso alifanya jambo lililozidi kumuudhi. Alirudi kutoka msikitini ameshika ufito mrefu wenye mikato miwili, akaupima mlangoni, akaupima ukumbini, akaenda nao na kurudi nao huku akihema. Mara mbili aliketi chini apumzike. Mwanamkasi alimtazama kutoka jikoni, akasema moyoni: mtu mzima anachezea vijiti, na mwanangu hana pa kuzalia. Ufito ulipoachwa umeegemea ukutani, yeye akauchukua, akaufunga chumbani na kuanikia kanga.

Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, Uweso alijinyoosha juu ya busati pale ukumbini, penye upepo.

"Mama Asmahani," aliita, "nipatie maji."

Mwanamkasi akateka maji mtungini, akajaza kopo, akatoka nalo. Alifika nusu ya njia. Hapo Methusela alikuwa akishuka ngazi kutoka juu ya paa, naye Mwanamkasi akampa lile kopo. "Mpe bwana wako," alisema, akarudi zake jikoni.

Uweso alikunywa, akageukia ukutani. Alasiri walipokwenda kumwamsha aswali, hakuamka.

Lipo jambo moja ambalo Mwanamkasi aliliogopa kuliko kaburi lenyewe. Miaka minne nyuma, alipokufa Bi Mize, mama yake Uweso, jeneza lilikwama kwenye kona ya ile stoo. Wanaume wakaliinamisha, mmoja anasema inua, mwingine anasema shusha, mpaka maiti ikateleza na kichwa kikagonga mwimo wa mlango. Wanawake walikuwa wamebaki ndani kama ilivyo ada, hawakuona kitu. Walisikia mlio. Mwanamkasi ndiye aliyemuuguza mkwewe yule kwa miaka miwili, akimlisha kwa mkono wake, na mwaka mzima baada ya mazishi alikuwa akishtuka ghafla jikoni na kumwambia mumewe, "Nimeusikia tena."

Sasa ilikuwa asubuhi ya pili, na mumewe alikwisha kuoshwa na kukafiniwa, na jeneza la msikiti lilikwisha kuletwa. Mwanamkasi aliketi katika kile chumba chembamba, wifi yake Mastura amemshika mabega. Akawasikia wanaume wakinyanyua. Akasikia tahlili ikianza. Akauma ncha ya kanga, akaungoja ule mlio wa kichwa na mbao.

Haukuja. Nyayo zilikwenda moja kwa moja bila kusita, hakuna aliyeambiwa inua wala shusha, na tahlili ikawa nje, ikawa barabarani, ikapungua mpaka haikusikika tena. Mwanamkasi alikaa amefumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua, macho yake yaliangukia ule ufito na mikato yake miwili, akaiondoa kanga, akaigusa mikato mmoja baada ya mwingine.

Baada ya wiki moja Methusela alikuja kumaliza kazi. Mwanamkasi alikuwa edani, miezi minne na siku kumi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Basi fundi akasimama nje ya dirisha lililofungwa, na Mastura akasimama ndani kupokea maneno.

"Mwambie mama pole," alisema Methusela. "Udongo wa ukuta bado mbichi. Akitaka nitausogeza, chumba kiwe kama alivyotaka mwanzo. Baba hayupo tena wa kukataa."

"Muulize ule ufito ulikuwa wa nini," Mwanamkasi alimwambia wifi yake, ingawa alikwisha kujua.

Mastura akayapeleka maneno dirishani.

"Alipimia jeneza la msikiti," Methusela alisema. "Mkato mmoja upana, mmoja urefu. Daktari alimwambia moyo umechoka, hauna siku nyingi. Mimi nilimwambia, mwambie mama. Akasema hapana. Akasema, 'Kununa kwake nakuweza, fundi. Kulia kwake sikuwezi. Ila lile la mama yangu hatalisikia mara ya pili.'"

Mwanamkasi alilia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakikumtoka. "Siku tisa, Mastura," alisema. "Siku tisa nyumba moja, nikamnyima hata salamu. Ananiomba maji, nampa kwa mkono wa mtu."

"Aliyanywa, wifi yangu. Nyamaza."

Methusela alikuwa hajaondoka. Walimsikia akikohoa pale dirishani.

"Alinituma," alisema. "Aliponirudishia kopo alisema, 'Mwambie Mama Asmahani ahsante.' Nikaona nimalizie bati moja kwanza, kisha nije nimwambie. Nilipoteremka nilikuta amekwisha kufariki."

Hakuna aliyemlaumu. Mastura alimuuliza wifi yake fundi aambiweje kuhusu ukuta. "Auache," alisema Mwanamkasi. "Auache pale pale alipotaka mwenyewe."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Mwanamkasi majuto ndiyo yaliyotangulia, mjukuu akafuata miezi mitatu nyuma yake, akazaliwa katika chumba kile kile chembamba huku mkunga ameketi kizingitini, miguu ikiwa ukumbini. Asmahani alipolalamika kwamba hapana pa kugeukia, mama yake alimjibu kwa upole kuwa ndivyo baba yake alivyopenda, akamnyooshea shuka.

Na kila siku baada ya adhuhuri, mtoto akisinzia, Mwanamkasi huteka maji mtungini, akajaza kopo, akatoka nalo jikoni. Siku hizi hasimami nusu ya njia. Hulifikisha mpaka pale busati lilipokuwa, akaketi chini, akayanywa mwenyewe.